Mkorosho wa Aliyeandikwa Marehemu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya majini na wafalme. Ni zamani hii ya juzi, simu zimeshafika, umeme unakuja na kukatika, na watu wameanza kuulizwa majina yao na mashine. Hapo ndipo palipokuwa na mwanamke mmoja huku kwetu kusini, katika kijiji cha Nalinge, aitwaye Sikudhani. Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikifika mwisho nitawauliza swali, na mara ya mwisho nilipowauliza mlijifanya mmesinzia.

Sikudhani alikuwa mbangua korosho. Kazi hiyo mnaijua: unachoma korosho, unapasua ganda, unatoa kiini, na yale mafuta ya ganda yanakula ngozi. Aliianza akiwa binti, akavuka miaka arobaini akiwa bado anabangua. Vidole vyake vikawa laini kama mbegu za ukwaju. Hakuona ubaya wowote, kwa sababu kwa mwanamke wa Nalinge vidole vya namna hiyo ni ushahidi kwamba hali bure.

Alikuwa na mume, Nandonde, aliyepuliza dawa ya salfa kwenye mashamba ya watu, mtu wa maneno machache. Kwa mila ya kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo Nandonde aliishi kwenye shamba la Sikudhani: mkeka ulikuwa wake, nyumba haikuwa yake. Shamba lilikuwa na mikorosho arobaini. Katikati ulisimama mmoja mkubwa kuliko yote, ukiitwa mkorosho wa mama, kwa kuwa mama yake Sikudhani aliupanda kwa mkono wake mwenyewe, na alipokufa akazikwa chini yake.

Mama huyo aliugua muda mrefu. Dawa zikala mbuzi, zikala baiskeli, mwisho Sikudhani akaliweka shamba rehani kwa tajiri Shaweji. Tajiri hakuuliza kitambulisho. Alimtazama usoni, akasema, nakujua wewe, akatoa fedha. Makubaliano yalikuwa ya mdomo mbele ya watu: fedha zirudi kabla ya sala ya Ijumaa ya kwanza baada ya upulizaji kuanza. Zisiporudi, shamba ni la tajiri, naye atakata miti yote ajenge ghala. Sikudhani aliuliza, na kaburi la mama je? Shaweji akajibu kwa upole kwamba kaburi halizuii ghala, kwani ghala huwa na sakafu.

Basi ikafika wiki yenyewe. Jumatatu asubuhi Sikudhani alitoka na ufagio, akakuta mikorosho kumi ya mpakani imepakwa rangi nyekundu shinani, alama ya mti wa kukatwa. Hakumwona aliyepaka. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikichuruzika. Ufagio ukamtoka mkononi, na hakufagia siku hiyo.

Mjini palikuwa na benki moja ya wakulima. Silitaji jina lake, maana benki ina mawakili nami nina kuku watatu tu. Ilikopesha kwa riba ndogo mtu yeyote mwenye shamba lililoandikwa. Sikudhani alikuwa na hati ya shamba, ile ambayo mama yake aliandikiwa na chama cha msingi siku alipomzaa, akimpa mtoto miti. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda siku hiyo hiyo. Afisa mikopo alikuwa kijana wa bara, Elibariki jina lake, mwenye adabu, shati limepigwa pasi.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni Sikudhani."

"Thibitisha. Weka kidole hapa."

Akaweka kidole gumba juu ya kioo cha mashine. Taa nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Akaweka cha kati, cha pete, cha mwisho, akahamia mkono wa kushoto, vyote kumi, na vyote kumi mashine ikavikataa. Elibariki akakipangusa kioo kwa leso yake, wakaanza upya, ikawa yale yale. Sikudhani akaanza kuitazama mikono yake kama mikono aliyoazima kwa jirani. Kijana akamwambia asijali, ipo njia nyingine, watalinganisha hati na daftari la kijiji, ambalo siku hizi limeingizwa kwenye kompyuta. Akaisoma hati. Akaona jina, na halikuwa Sikudhani.

Hapa lazima nisimame niwaeleze, hasa nyie mliozaliwa mjini. Kwao Sikudhani, msichana akiingia unyagoni huliacha jina lake la utoto huko huko msituni. Anaingia mtoto, anatoka mwali mwenye jina jipya, na lile la zamani halitajwi tena mpaka kiama. Kulitaja ni tusi kuliko matusi yote. Mtu baki akilitaja anatozwa mbuzi. Mume akilitaja, ndoa imekufa hapo hapo, hakuna kikao. Na wazee husema ukiitwa jina hilo ukaitika, umemwitikia maiti. Kwa hiyo mimi nami sitalitaja. Nitasema "lile jina" na nyie mtanielewa hivyo hivyo, sina mbuzi wa kutoa.

Elibariki akalibonyeza lile jina kwenye kompyuta. Akasoma. Akasoma tena, akakisogeza kiti nyuma.

"Mama," akasema, "hati hii ni ya mtoto aliyekufa. Alikufa akiwa na miaka kumi na mitatu. Wewe umeipataje?"

Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akipiga miayo tangu asubuhi, akaacha kupiga miayo. Sikudhani alieleza. Alieleza mila, alieleza mama, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama mwongo. Elibariki alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikukatai, mama. Naogopa." Aliyekalia kiti kile kabla yake aliwakopesha watu wasiokuwepo duniani, na sasa yuko gerezani, mkewe anauza maandazi nje ya lango. Akampa hadi Alhamisi saa tisa, benki inapofungwa. Alete uthibitisho wa mambo mawili: kwamba mtoto yule hakufa, na kwamba mtoto yule ndiye yeye. Kiapo cha mahakama kingefaa, ila hakimu yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi. Asipoleta, jalada linakwenda polisi, kwa sababu kutumia hati ya marehemu ni jinai. Akaitia hati kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Sasa hofu ya Sikudhani ikawa mbili. Asubuhi alikuwa mtu anayeogopa kupoteza shamba. Alipotoka pale alikuwa mtu anayeogopa kufungwa kwa kosa la kuwa yeye mwenyewe.

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe kila kitu. Walikuwa chini ya mkorosho wa mama, Nandonde ana bomba la salfa mgongoni, unga wa njano umemjaa nyusi. Sikudhani akaweka kiganja kwenye shina, akaapa mbele ya kaburi: "Atakayenirudisha kuwa mimi, mkorosho huu ni wake." Nandonde alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno. Akakifunga.

Na mjue kiapo hicho si cha mchezo. Huku kwetu mti hupewa mtu bila ardhi. Unachana ukanda wa kanga, unaufunga kwenye shina fundo moja mbele ya mashahidi, basi. Korosho ni zake, kivuli ni chake, njia ya kuufikia ni yake, na hakuna wa kumfukuza chini yake mpaka afe. Lakini mti mmoja hufungwa fundo moja, na fundo moja ni la mtu mmoja.

Jumanne asubuhi, mikorosho ishirini ilikuwa myekundu. Sikudhani akaenda kwa Mzee Chinduli, aliyekuwa karani wa kijiji miaka thelathini. Mzee huyu alikuwa na sifa moja, nayo aliipenda kuliko wajukuu zake: daftari lake halikuwa na neno hata moja lililokatwa. Sikudhani akamuuliza, mzee wangu, ni nani aliyeniandika nimekufa? Mzee Chinduli hakujifanya hajui. Alikumbuka vizuri. Mwaka ule walitakiwa kuandika watoto wote. Akabisha hodi kwa kina Sikudhani, akamtaja yule mtoto, akaambiwa na kungwi aliyesimama mlangoni, huyo amekufa. Jibu hilo ndilo sahihi kwa mila, mwanamke yeyote angelijibu hivyo. Naye Chinduli, mtu wa huku huku, alijua maana yake. Lakini fomu ilikuwa na vyumba viwili tu, yupo au amekufa. Kuandika yupo kulitaka jina jipya, na jina la mwali ambaye hajatoka ndani haliulizwi na mwanamume. Akaandika alichoambiwa. Alisema moyoni atarekebisha kesho, na kesho hiyo ikachukua miaka thelathini.

Sikudhani akamwomba aje benki akiri. Mzee akalikumbatia daftari lake. Akasema kumwandika aliye hai kuwa ni maiti kuna kifungo, na akikiri neno moja watayachimba yote, na wako watu wanaolala usingizi kwa sababu ya daftari lile. Sikudhani, kwa hofu, akamwambia, mzee, njoo, nami nitakupa mkorosho wa mama. Mzee Chinduli akafunga mlango taratibu.

Jumatano asubuhi, mikorosho thelathini ilikuwa myekundu. Sikudhani akaenda kwa Bi Siwatu, kungwi aliyemcheza unyago, yule yule aliyesimama mlangoni. Bibi alikuwa amekaa na ngoma yake mapajani, akiikaza ngozi. Sikudhani akamweleza shida. Kungwi peke yake ndiye aliyemwona mtoto akiingia kwa lile jina na kutoka Sikudhani. Kungwi peke yake anajua kovu lililo mwilini mwake, mahali pasipoonyeshwa, na lilipatikana siku gani na kwa nini. Bi Siwatu akaiweka ngoma chini.

"Mwanangu," akasema, "ya unyagoni hayaelezwi mbele ya mwanamume. Kungwi anayeyatoa nje hupofuka. Unaniomba macho yangu."

Sikudhani akapiga magoti. Akamshika miguu. Na kwa hofu ile ile, akamwahidi mkorosho wa mama. Bi Siwatu akamwambia, nenda, nimesikia.

Mnaona? Mti mmoja, ahadi tatu: moja kaburini, moja kwa karani, moja kwa kungwi. Nakuona wewe unayetikisa kichwa huko nyuma. Usimcheke, mfa maji haishi kutapatapa, na wewe hujawahi kuambiwa umekufa.

Alhamisi asubuhi mikorosho thelathini na tisa ilikuwa myekundu. Uliobaki ni mkorosho wa mama tu, na chini yake, juu ya kaburi lenyewe, mtu alikuwa ameacha kopo la rangi limefunguliwa, brashi ndani. Sikudhani alilitazama. Hakuligusa. Akavaa baibui lake la harusini, akaenda mjini. Nandonde akamfuata nyuma hatua kumi, mikono mitupu.

Akakaa kwenye benchi la benki. Saa nne hakuna mtu. Saa tano Mzee Chinduli akaingia, kanzu nyeupe, daftari kuukuu kwapani. Akasimama mbele ya Elibariki, akalifungua pale pale penye neno marehemu, akachukua kalamu yake mwenyewe, akalikata. Mstari mmoja. Kisha akaandika pembeni kwamba alikosea kwa kujua, akaweka sahihi.

Elibariki akasoma, akashukuru, akasema, "Sawa, mzee. Mtoto hakufa. Lakini karatasi hii haisemi kwamba mtoto huyo ni huyu."

Saa saba akaingia Bi Siwatu. Alikuwa amejitanda kanga mbili hadi usoni, na alipoona kwamba afisa ni mwanamume tena kijana mdogo, akazikaza kanga zake. Akaeleza. Aliyoyaeleza mimi siyajui na nyie hamtayajua, lakini Elibariki aliinamisha uso muda wote, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakatoka nje mmoja mmoja ili wasisikie. Sikudhani akapelekwa chumba cha pembeni, mhasibu wa kike akalitazama kovu, akarudi akasema lipo. Bibi akaweka dole gumba kwenye maelezo yake, na dole lake lilisomeka vizuri.

Elibariki akajifuta jasho. Akasema anaamini kovu, ila kovu halina jina, na wakubwa zake watauliza kama bibi kizee hakufundishwa cha kusema. Walishafundishwa wengi kabla yake. Akatazama saa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Alionekana anaumwa hasa. Lakini alikuwa na mke, na mke wake hajui kupika maandazi. Akainua simu ya mezani.

Sikudhani alikitazama kile kidole kikibonyeza namba ya kwanza, ya pili. Na hapo, jamani, likamjia jambo la kutisha kuliko gereza. Alianza kushuku. Akajiuliza, huenda ni kweli. Huenda yule mtoto alikufa msituni siku ile, nami ni mtu mwingine niliyevaa mwili wake, nikala miti yake miaka yote hii. Vidole havinijui, daftari halinijui, hata mimi jina lile sijalisikia tangu siku ile. Alitaka kusema mimi ni Sikudhani, sauti haikutoka.

Ndipo kutoka mlangoni sauti ikaita lile jina.

Haikuita kwa kelele. Iliita kama watoto wanavyoitana wakienda kuchota maji, kwa kulivuta mwishoni.

"Abee," akaitika Sikudhani.

Aliitika kabla hajafikiri, na alikuwa ameshageuka. Mwanamke mmoja wa Nalinge akaziba masikio. Mlangoni alikuwa amesimama Nandonde, kofia mkononi, analia. Walikua pamoja, yeye na yule mtoto, waliwinda panzi pamoja, na tangu msichana alipotoka unyagoni hakuwa amelitamka jina hilo hata usingizini. Sasa alilitamka mbele ya watu thelathini, na wote wawili walijua ni nini kilichokwisha.

Elibariki akairudisha simu mahali pake. Kusema hufundishwa, akasema, lakini kuitika namna ile hakufundishwi. Akaandika mstari uliokatwa, akaandika dole gumba, akaandika na ile abee, akapiga muhuri. Ijumaa kabla ya adhana fedha za Shaweji zilikuwa mezani kwake, na akazihesabu bila kuinua macho. Kopo la rangi likaondolewa juu ya kaburi.

Mngependa niishie hapo. Siishii hapo. Kompyuta ya benki haikukubali majina mawili kwa mtu mmoja, ilikubali lililo kwenye hati. Basi mkopo ukaandikwa kwa lile jina, na kila mwisho wa mwezi, siku ya marejesho, kipaza sauti kitaliita ukumbini mbele ya watu, naye itampasa asimame aseme abee. Sikudhani anaiogopa siku hiyo kuliko alivyomwogopa Shaweji. Usiku halali, mchana anahesabu siku.

Wiki ya pili wakakutana wadai watatu chini ya mkorosho wa mama, na mashahidi wa kijiji wamekaa pembeni. Ahadi ni deni, na Sikudhani alikuwa ameshachana ukanda wa kanga.

Mzee Chinduli ndiye aliyeanza. Ameitwa wilayani, pensheni imesimamishwa, na asipolipa faini msimu huu ukiisha ataingia ndani na uzee wake. Na tangu habari ienee, watu zaidi ya arobaini wamekuja mlangoni kwake kuuliza kama wao nao wako hai. "Mimi ndiye niliyelikata neno marehemu," akasema. "Bila mstari wangu ungeitika mara mia, wangesema mzimu umeitika. Korosho za mti huu zitanitoa gerezani. Nipe."

Bi Siwatu akafuata. Wanawake wamemnyang'anya ngoma. Hakuna mama anayempelekea mwali tena, wala kibaba cha mchele, wala kanga. Na kila alfajiri, kabla ya kufumbua macho, hulala kwanza akiogopa kuyafumbua. "Karatasi ilisema mtoto hakufa," akasema. "Ni nani aliyesema mtoto huyo ni wewe? Nilikuzaa mara ya pili, mwanangu, na nimekutolea macho yangu. Nipe, kabla sijashindwa kuuona mti wenyewe."

Nandonde hakusema mpaka alipoulizwa. Ukoo wa Sikudhani ulikuwa umeshatoa mkeka wake nje, ndoa imekwisha, naye analala kwenye stoo ya chama kati ya mifuko ya salfa. "Sidai magunia," akasema. "Wachukue wao korosho zote. Ila mwenye mti hafukuzwi chini ya mti wake. Mimi nataka mahali pa kukaa ambapo nitakuona ukipita."

Hapo Bi Siwatu akawaka. Akamuuliza Sikudhani, utamzawadia mtu aliyekutukana mbele ya umati? Akamgeukia Nandonde. Jina ulikuwa nalo mdomoni tangu Jumatatu, akasema, ukamwacha mwenzio atetemeke siku nne nzima, nasi wazee tukajivunja. Ungeita Jumatatu, mimi ningekuwa na ngoma yangu.

"Ni kweli," Nandonde akajibu. "Niliogopa kumpoteza. Lakini nyinyi wawili ndio mliomuua, mmoja kwa mdomo na mmoja kwa kalamu. Mlikuja kulipa mlichoharibu. Mimi sikuwahi kumkosea mpaka siku niliyomwokoa."

Mzee Chinduli akatazama chini. Bi Siwatu hakuondoa mkono wake kwenye shina.

Sikudhani akasimama katikati yao, ukanda mkononi. Akimfungia karani, kungwi atamnyima radhi na mume ataondoka. Akimfungia kungwi, mzee atafungwa kwa kosa alilolikiri kwa ajili yake. Akimfungia Nandonde, kijiji kitasema amelipa fundo kwa tusi, na kila mume atajua bei ya kulitaja jina la mkewe. Akatazama chini ya majani, pale kaburini, na akamkumbuka yule mtoto wa miaka kumi na mitatu, ambaye mama alimwandikia miti hii, na ambaye watu wote walimwacha msituni. Yeye ndiye aliyeitika. Hakuna aliyemwita miaka thelathini, na alipoitwa mara moja alikuja mbio.

Mimi nimefika nilipofika, sina zaidi. Ukanda ni mmoja, fundo ni moja, na mwisho wa mwezi ni keshokutwa, kipaza sauti kitaita. Msisinzie. Karani aliyelikata neno, kungwi aliyelifichua kovu, mume aliyelitaja jina, au yule mtoto aliyeliitikia: je, nani alistahili?